Gome lililolipa mtihani wangu

Nyakulu wangu, yaani bibi yangu, aliteleka maharage kwanza, ndipo akatoka kwenda kutafuta dawa. Maharage yetu ya Kabare, yale makavu ya msimu uliopita, yanataka saa mbili na zaidi motoni. Alikuwa akirudi na kitunga kichwani, gome huku, majani kule, mizizi chini, anafunua chungu, anaongeza maji kidogo, na maharage bado hayajaiva. Hivyo ndivyo nilivyojua, nikiwa mtoto, kwamba msitu uko karibu kuliko chakula cha mchana.

Leo kijana anayeniletea gome la muhumbahumba, mti wa dawa, hutoka kwao Jumatatu alfajiri, nami namwona sokoni Kadutu Jumatano jioni, udongo umempanda hadi magotini. Chungu cha nyakulu kingekuwa kimeungua zamani.

Nauza dawa za kienyeji katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huu ni mwaka wa 17. Juu ya meza utaona mubirizi, tangawizi, vitunguu saumu, vifurushi vya mizizi vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Muhumbahumba unakaa chini ya meza ndani ya gunia, kwa sababu wanaoutaka hawapendi kuuomba kwa sauti. Ni wazee wa kiume. Mzee anafika, anauliza bei ya tangawizi, anauliza habari za watoto, anailaumu barabara, halafu anainama: “Mama, usiku ninaamuka mara tano.” Hapo najua.

Siku hizi kabla ya kuingiza mkono chini ya meza namuuliza: “Papa, ulishafika ku hospitali?” Zamani sikuuliza. Kulikuwa na papa mmoja aliyenunua gome kwangu miezi minane mfululizo, mtu mcheshi, kila mara ananiachia chenji. Alipokwenda kupimwa ilikuwa kansa ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia mifupani. Yeye hakunilaumu. Mke wake alinilaumu, tena mbele ya watu, na alikuwa na haki. Uvimbe wa kawaida wa tezi hiyo uzeeni na kansa vyote vinamwamsha mtu usiku. Gome haliwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Muhumbahumba ndio mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Ndugu zetu Wanande wa Beni na Butembo wanauita ngote. Ni mti wa milimani, wa sehemu za baridi na ukungu. Unakuwa mrefu sana, gome lake jeusi limepasukapasuka vipande kama udongo wa kiangazi. Ukilisugua jani, wanasema linanuka lozi. Mimi lozi sijawahi kuiona. Kwangu ni harufu ya dawa ya kikohozi ya watoto. Nyakulu alitukataza kutafuna majani wala mbegu zake, na hakueleza kwa nini. Baadaye nilielezwa kwamba vina kitu ambacho tumboni hutoa sianidi. Alijua bila maelezo, kama alivyojua mengi.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba gome hilihili la chini ya meza yangu linauzwa Ulaya ndani ya vidonge. Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, alipata hataza (haki ya kuimiliki) ya dawa ya tezi dume iliyotokana na gome hili, na kuanzia hapo milima ya Kameruni, Madagaska, Kenya na huku kwetu ikaanza kuvuliwa nguo. Hesabu yake inatisha ukiitazama polepole: tani 2 za gome bichi zikikauka zinabaki kama tani 1, na tani hiyo 1 inatoa kilo 5 hivi za dawa. Ndiyo maana mwaka 1995 mti huu uliingia katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa, ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali. Kwetu mwaka 1995! Wakati huo kambi za wakimbizi waliotoka Rwanda zilikuwa zimejaa Kashusha na Inera, kando ya parki ya taifa ya Kahuzi-Biega, maelfu kwa maelfu ya watu wanaotafuta kuni kila asubuhi. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Nani angesoma kibali?

Sasa niseme lile ninaloliepuka.

Kwenye mpaka wa shamba la nyakulu, upande wa juu wa kijiji kinachoitwa Miti, ulikuwepo muhumbahumba mmoja. Baba yake aliuacha alipofyeka, ili uwe alama ya mpaka. Mimi na binamu yangu tukiukumbatia kutoka pande mbili, vidole vyetu havikufikiana. Nyakulu alichukua dawa kwenye mti huo maisha yake yote. Alikata upande wa jua linapochomoza, kipande chenye upana wa viganja viwili, hakuingiza panga hadi kwenye mti mweupe wa ndani, akapaka udongo pembeni ya kidonda. Miaka ikipita, gome likarudi, ndipo akageukia upande wa pili. Nilipokuwa namshikia kitunga aliniambia: “Muti uko na mugongo na tumbo. Ukikamata ku mugongo, uachie tumbo ipumue.” Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la mwisho la sekondari. Nyakulu alikuwa amekimbilia mjini kwa sababu ya usalama, anakaa kwetu chumba kimoja. Minervali, yaani karo ya shule, ilikuwa ikilipwa kwa kubembeleza, na sasa ilitakiwa pesa ya egzameni ya Leta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Binamu yangu alikuwa ametoka kuchimba koltani, madini ya simu. Mwishoni mwa 2000 bei ilipanda mno, vijana wote wakaenda, hata ndani ya parki. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, akarudi na panga na kikohozi. Katika senta kulikuwa na watu waliofika na mizani, wananunua gome kwa kilo. Hawakuuliza limetoka wapi. Walichouliza ni kama limekauka vizuri.

Tulipanda asubuhi ya mvua. Mvua ikinyesha utomvu unakimbia, na gome linatoka bila kubishana. Unachanja juu, unachanja chini, unaingiza ncha ya panga, unavuta, na kipande kirefu kama mlango kinakujia mikononi na sauti ya kitambaa kinachochanika. Tulianza upande wa jua linapochomoza. Kisha tukazunguka. Binamu yangu akapanda kwa kamba hadi kwenye matawi ya kwanza. Saa tisa mchana mti ulikuwa umesimama uchi, mweupe, kisha polepole ukageuka rangi ya kutu tukiutazama. Nakumbuka mikono yangu ilinuka ile dawa ya kikohozi siku tatu, hata baada ya sabuni.

Tulilianika gome juu ya shitingi (turubai) ya buluu iliyobaki tangu enzi za kambi, tukalipeleka, wakalipima, wakatafuta kasoro kama kawaida yao (“bado ina maji hii”), wakatulipa. Nililipa egzameni. Nilifaulu. Diploma ninayo.

Nyakulu alipanda kwenda shambani kiangazi kile, Julai. Nilimfuata nyuma, nikijua anachokwenda kukiona. Aliukaribia mti, akaweka kiganja pale palipokauka, akauzunguka wote taratibu, mkono hajauondoa, hadi akafika pale alipoanzia. Alikuwa anatafuta tumbo. Halafu akaenda kulima. Hakunisema siku ile wala nyingine yoyote.

Mti haukufa mara moja, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Majani yalibaki juu miezi mingi. Gome ndilo linaloshusha chakula kutoka majani kwenda mizizini; ukilikata kuzunguka pande zote, mizizi inakufa njaa polepole huku juu bado kijani. Msimu wa pili majani yakapungua, wa tatu yakaisha. Mjomba akaita watu wa makala, yaani mkaa, wakaukata, kwa kuwa kwetu mti mkavu hausimami bure. Ulitoa magunia mengi mazuri; muhumbahumba ni mti mgumu, makala yake yanadumu. Tulipika maharage kwa makala hayo.

Nimeeleza haya kwa sababu siku hizi kila ninapokaa na wenzangu wa soko, tukilalamika kwamba dawa zimekuwa adimu, lazima mtu aseme: ni mabadiliko ya tabianchi. Neno limekuwa jepesi mdomoni. Mbingu haijibu, kwa hiyo tunaitupia kila kitu. Mimi nikilisikia nauona ule mti mweupe, na hakuna jua lililouvua.

Lakini sitaki kusema uongo wa upande wa pili. Mvua zimebadilika, nimezilipia. Miaka kumi hivi iliyopita niliamua kupanda. Mara ya kwanza niliokota matunda, yale madogo mekundu yanayokwenda kwenye zambarau, mengi yameachwa nusu na ndege, nikaosha mbegu, nikazikausha vizuri, nikaziweka katika kopo la maziwa zisubiri mvua ya Septemba. Kwetu kila kitu kinasubiri Septemba. Hakuna hata moja iliyoota. Nilidhani nimerogwa, nisikufiche.

Nilikwenda Lwiro, kwenye kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikianzisha miaka ya mwisho ya 1940, jengo kubwa kama kasri katikati ya mashamba ya maharage. Fundi mmoja mwenye subira alinipokea. Alisikiliza habari za kopo langu, akatikisa kichwa: mbegu hii haipendi kusubiri, ikikaa wiki chache inakufa, unaipanda ikiwa bado mbichi. Nilikuwa nimekausha watoto wangu mwenyewe. Kisha akanipeleka kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, akafungua kabati, akatoa karatasi. Tawi la muhumbahumba, majani yamegeuka kahawia, kikonyo bado kina wekundu kidogo, limebandikwa kwa vipande vya karatasi, pembeni mwandiko wa wino wa mtu aliyekufa zamani: mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe. Jina la mahali nililijua. Ni kilima ambacho leo kina mihogo na mikaratusi hadi kileleni. Niliomba kunusa. Akacheka, akanikubalia. Hakukuwa na harufu yoyote.

Mara ya pili nilipanda mbegu mbichi kwenye pepinyeri, kitalu cha miche, chini ya kivuli cha majani ya mgomba, zikaota 40. Nikazihamisha shambani Septemba, kama nyakulu angefanya. Mvua ilianza vizuri, kisha ikasimama wiki tatu katikati ya Oktoba, jua kali kama la Julai, ikarudi kwa hasira na mawe. Zilibaki 6. Mbuzi wa jirani akala 2. Mwaka uliofuata nilisubiri hadi Novemba, mvua ikiwa imekwisha kukaa sawa, nikapanda juu zaidi, kwenye kipande cha mjomba kilicho karibu na mpaka wa parki. Huko ukungu bado unafika asubuhi. Hizo 11 zipo mpaka leo, zimenipita kimo.

Yule fundi wa Lwiro aliniambia jambo ambalo limenikaa. Joto likipanda, mimea ya milimani nayo hupanda, kizazi baada ya kizazi, ikitafuta baridi yake. Mbegu inaangushwa na ndege juu kidogo, inaota. Iliyoanguka chini haioti. Sawa. Lakini chini ya mpaka wa parki kuna sisi, majembe yetu, majani ya chai na mikaratusi. Juu kuna mianzi, kisha vichaka, kisha kilele cha Kahuzi, mita 3,308. Baada ya hapo ni mawingu. Mti haujui kupanda mawingu.

Na hata ndani ya parki mambo si kama watu wanavyodhani wanapoiona kijani kutoka barabarani. Mzee mmoja Mutwa, wa kabila la wawindaji wa msituni, ambaye watu wake walitolewa humo parki ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, ndiye aliyenifundisha kuutazama ule ukijani. Walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa. Muzee huyu hakuniambia habari za tume. Tulisimama barabarani karibu na Tshivanga, penye makao ya parki, akanionyesha kwa kidevu: “Unaona kijani ile inamelameta? Ile haiko miti. Ni kamba imefunika miti.” Ni mmea unaotambaa, wataalamu wanauita Sericostachys scandens, ni wa hapahapa, haukuletwa. Lakini tembo wa sehemu ya juu ya parki waliuawa karibu wote wakati wa vita, miti ikakatwa, mwanga ukaingia, na kamba ikapata mahali pa kutawala. Inapanda juu ya mti, inautandika blanketi, mti unakosa jua. “Tembo alikuwa anaikanyaga,” alisema, “na anaikula.” Chini ya blanketi lile mche wa muhumbahumba utaota wapi?

Kwa hiyo ukiniuliza nini kimemaliza dawa zetu nitakuuliza: dawa ipi? Muhumbahumba ulimalizwa na mizani. Mimea ya chini ya kivuli, ile midogo ambayo nyakulu aliichuma akiwa amepiga magoti, ilikwenda pamoja na kivuli chake, yaani ilikwenda na makala, kwa sababu mji huu unapika kwa makala na umeme ni wa kubahatisha. Ya pembeni mwa mito ilisombwa.

Kusombwa si mfano. Kulikuwa na mama wa Kalehe aliyekuwa akiniletea majani ya kando ya maji, mwanamke wa maneno machache, anafunga vifurushi kwa namna yake, fundo mbili na kitanzi, huwezi kuvichanganya na vya mtu mwingine. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, mito ikashuka na mawe na miti mpaka vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Sikumwona tena. Nilikuwa na vifurushi vyake 3 mezani, nikavifungua mwisho kabisa.

Baada ya hapo wanasayansi wa kimataifa walijaribu kupima ni kiasi gani cha mvua ile kilitokana na mabadiliko ya tabianchi, na wakaandika wazi kwamba hawawezi kusema, kwa kuwa takwimu za mvua za huku ni chache mno. Niliposikia hilo nilikasirika kwanza. Kisha nikakumbuka vilima vya kule, vimenyolewa hadi juu, na nikaona kwamba hakuna haja ya kituo cha mvua ili kuhesabu miti ambayo haipo.

Tangu miche yangu 11 ishike nimejiwekea sheria moja: gome linalozidi upana wa viganja viwili silinunui. Kipande chembamba kinaonyesha kwamba mti umeachiwa tumbo, au angalau kwamba mchumaji ana aibu. Naijua kasoro ya sheria hii, kwa sababu mtu anaweza kuvua mti wote kisha akakata vipande vyembamba nyumbani. Baadhi ya gome linalofika Kadutu linatoka ndani ya parki pia, na mimi siwezi kuapa kwamba halijawahi kupita chini ya meza yangu. Hata hivyo nimeishika sheria, na imenigharimu wateja wawili watatu ambao hawana muda wa kunisikiliza.

Jumatano iliyopita yule kijana alifika jioni, amechoka, akatua mzigo. Alipoufungua niliona kipande kimoja kirefu kimejikunja kama mkeka. Nikakikunjua juu ya meza, nikaweka viganja vyangu: viwili, vinne, vitano na nusu.

“Mutoto wangu,” nikamwambia, “hii sikamate.”

“Mama, nimetembea siku mbili.”

“Najua.”

“Nina minervali ya wadogo wangu.”

Sikuwa na jibu la hilo. Nilimpa pesa ya bugali na samaki, akashukuru, “aksanti mama,” kwa heshima kabisa, akakunja mkeka wake. Hakwenda mbali. Meza ya tatu kutoka kwangu mwenzangu alikuwa ameshasafisha nafasi. Walipatana bei haraka, na asubuhi yake, nilipofika kufungua, gome lilikuwa limeanikwa juani, limechukua meza nzima na kuning'inia pembeni.

Harufu yake ilinifikia kabla sijaweka kitunga chini.